Namna ya Kuandika "Anniversary" kwenye Kadi, Keki na Mabango

Kabla ya kulipia bango la sherehe, soma maneno yake taratibu, kwa kuwa likishachapwa halifutiki. Katika kazi yangu ya kuchapa kadi na mabango hapa Kariakoo, neno ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote ni "anniversary", ambalo sisi wa Dar es Salaam tumelizoea hata tunalitamka "anivesari" bila kujiuliza limebeba nini.

Asili yake ni Kilatini: "annus" ni mwaka na "vertere" ni kugeuka, kwa hiyo neno lenyewe linataja siku inayorudi kila mwaka unapozunguka na kutimia. Liliingia katika Kiingereza Zama za Kati kupitia kanisa, ambako lilihusu hasa siku ya kuwakumbuka watakatifu na marehemu. Ukiishika maana hiyo, matumizi yake hayakusumbui, na hata tahajia inakaa kichwani, maana herufi n ni mbili kama zilivyo katika "annus".

Hivi karibuni mama mmoja aliniletea karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu, "Happy 10th Years Anniversary", akitaka bango la kuwapongeza dada yake na shemeji yake. Nilimwonyesha kwamba "years" inapaswa kuondolewa, kwa sababu mwaka umo tayari ndani ya neno, na kinachobaki ni "Happy 10th Anniversary". Hesabu nayo ina utaratibu wake: siku ya harusi yenyewe haihesabiwi, hivyo waliofunga ndoa Juni 2014 walitimiza mwaka wa kwanza Juni 2015 na wa kumi Juni 2024. Wapo wanaosherehekea miezi sita kwa neno hilohilo, na Waingereza pia husema hivyo katika mazungumzo, lakini kwenye kadi rasmi sishauri.

Siku ya kuzaliwa mtu aliye hai ni "birthday". Mteja anayetoka Kongo anaweza kuchanganya, kwani kwa Kifaransa "anniversaire" ndiyo siku ya kuzaliwa. Kwa Kiingereza, "anniversary" ni ya ndoa, kampuni, kanisa, shule au tukio.

Jambo ninalowasihi wateja walizingatie zaidi ni msiba. "Anniversary" inafaa kwa siku ya kumkumbuka marehemu, ila "happy" isitangulie kamwe, kwa maana familia iliyofiwa italisoma neno hilo ukutani siku nzima. Kiswahili kina "kumbukizi", neno tunalolisikia kila tarehe 14 Oktoba tunapomkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, nami naona linatosha kabisa.

Miaka 25 huitwa ya fedha, 50 ya dhahabu na 60 ya almasi. Ukumbi wa Diamond Jubilee pale Upanga unabeba kumbukumbu ya jubilei ya almasi ya Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, ambaye mwaka 1946 alipimwa uzito kwa almasi hapahapa Dar es Salaam. Kwa wanandoa waliotimiza miaka 50, hata hivyo, Kiingereza cha kawaida si "jubilee" bali ni "golden wedding anniversary".

Yule mama aliposikia yote hayo aliniuliza kama bango linaweza kuwa la Kiswahili. Tuliandika "Hongereni kwa Kutimiza Miaka Kumi ya Ndoa", kwa herufi za dhahabu, na majina yao chini yake.