Magazini orijino au za kampuni nyingine? Jinsi ya kuchagua na kuzijaribu kabla hujaziamini

Bastola ikikwama watu wengi wanaanza kulaumu bastola yenyewe, wengine risasi, wengine mkono wa aliyeishika, magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingizwa kwenye mpini wa bastola) inakuja kuangaliwa mwisho kabisa wakati ndiyo ilitakiwa ianze. Fikiria tu kazi yake. Slaidi (kile chuma cha juu ya bastola) inaenda nyuma na kurudi mbele kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ndani ya kamuda hako springi inatakiwa iwe imeshasukuma risasi zote zilizobaki juu, ile ya juu kabisa iwe imekaa kwenye midomo ya magazini (zile kingo mbili za juu zinazoishikilia) kwa pembe sahihi, kichwa kikiwa kimenyanyuka kidogo kuelekea chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kupigwa. Ikichelewa kidogo tu umekwama. Kwa hiyo kabati (lile boksi lenyewe la nje), springi, midomo na ile foloa (kile kipande kinachobeba risasi kwa chini) ni sehemu ya mashine kama mtutu ulivyo, usizichukulie kama kibebeo tu.

Swali la orijino (za kiwandani) au aftamaketi (za kampuni nyingine) mimi nalijibu hivi: bastola ya kujilindia ianze na magazini za kiwandani, za kampuni nyingine zianzie mazoezini mpaka zijithibitishe, na hata hiyo orijino usiiamini kabla hujaipiga risasi wewe mwenyewe. Msimamo wangu ni huo, ila una mambo yake ndani.

La kwanza, neno "orijino" halimaanishi kila mara imetengenezwa na kiwanda kilichotengeneza bastola. Kuna kampuni ya Italia inaitwa Mec-Gar, kazi yake ni magazini, na imekuwa ikizitengenezea kampuni kubwa za bastola, zinauzwa zikiwa na jina la mwenye bastola. Kampuni hiyohiyo inauza pia kwa jina lake. Sasa unakuta mtu anakataa Mec-Gar kwa sababu "siyo orijino" halafu mfukoni ana Mec-Gar yenye jina lingine. Kwa hiyo kabla hujaponda cheki nani hasa anatengeneza magazini za bastola yako.

La pili, zipo bastola ambazo aftamaketi ndiyo inaongoza. Chukua 1911, ule muundo wa zamani wa bastola ya Kimarekani. Magazini yake ya awali ni ya risasi 7 za kipimo cha .45, leo inatengenezwa na viwanda vingi sana na magazini zinazokuja nazo hazifanani ubora hata kidogo, ndiyo maana wapigaji wengi wa 1911 kitu cha kwanza wanachofanya ni kununua magazini za Wilson Combat au wengine wa daraja hilo. Ila hapohapo kuna mtego, ukitaka 8 kwenye kabati la urefu uleule wa 7, nafasi ya ziada lazima itoke mahali, na mara nyingi inatoka kwenye springi na foloa. Waliobuni vizuri zinafanya kazi, waliolazimisha tu risasi ya mwisho inatoka imelegea au slaidi haishiki nyuma.

Glock ni kinyume chake. Magazini zake za kiwandani ni plastiki yenye chuma ndani, zinavumilia mno na hazina bei ya kutisha, kwa hiyo sababu ya kukimbilia kopi ni ndogo. Hata hivyo nazo zimepitia mabadiliko, zile za zamani chuma chake hakikuzunguka pande zote, ukizijaza zinavimba kidogo na hazidondoki zenyewe ukibonyeza kitufe, za baadaye zikazungushiwa chuma kote tatizo likaisha. Mwaka 2015 kampuni ya Magpul wakaingia na zao za plastiki tupu bila chuma ndani, na kwa mazoezi ni kitu kizuri tu. Kuna na Shield Arms S15 ya Glock 43X na 48, kabati la chuma jembamba linaloingiza risasi 15 pale ambapo ya kiwandani inaingiza 10, lakini kwa kuwa ni chuma inakwangua kishikio cha magazini cha plastiki kilichokuja na bastola, inabidi ubadilishe uweke cha chuma. Unaona eeh, umenunua magazini unajikuta umebadilisha na bastola. Mimi kwenye silaha ya kujilindia kila kitu kinacholazimisha ubadilishe kingine nakipa mtihani mara mbili.

Na usidhani kwamba magazini ikipita kwenye mkataba wa jeshi basi imemaliza. Kule Iraki, wanajeshi wa Marekani waliokuwa na bastola ya M9 walisumbuka na magazini za mkataba ambazo rangi yake ya fosfeti, kama mkataba ulivyotaka, ilikuwa na ukwaru, mchanga laini wa kule ukawa unashika ndani, risasi hazipandi. Bastola nzima, springi nzima, tatizo ngozi ya ndani ya kabati. Ndiyo maana ukishika magazini yoyote mpya ingiza kidole kwenye midomo sukuma foloa chini uiache irudi, taratibu, mara kadhaa. Usikie inateleza. Ikikwaruza au ikisimama njiani kabla haijaona vumbi, basi hiyo irudishe dukani mapema.

Haya tuje kwenye kujaribu kwenyewe. Kabla ya yote toa magazini, halafu vuta slaidi, angalia chemba kwa macho na kwa kidole, mtutu muda wote uelekee pasipo na mtu. Fuata mpangilio huo huo, maana ukivuta slaidi wakati magazini bado ipo ndani unatoa risasi moja na kuingiza nyingine. Risasi za moto ziweke chumba kingine kabisa. Na ujue sheria ya unapoishi, sehemu nyingi zina kikomo cha risasi ngapi magazini inaruhusiwa kubeba na aftamaketi ndefu ndizo zinazowaingiza watu matatani.

Anza kwa kuzipa namba. Chukua peni ya rangi isiyofutika andika 1, 2, 3 kwenye kitako cha kila moja. Bila namba utakuwa unasema "bastola yangu inakwama mara moja moja" miaka yote, kumbe ni magazini moja tu kati ya tano inayokuharibia siku.

Kisha jaza mpaka mwisho kwa risasi bandia za mazoezi, slaidi ikiwa mbele, uisukume ndani. Hapa kopi nyingi zinaumbuka, zinaingia vizuri ukipunguza risasi moja lakini zikijaa zinagoma kushika, kwa sababu chini hakuna hata milimita ya kuchezea na risasi ya juu inabanwa na slaidi. Ukiiona hivyo siku ya shida utaigonga, utadhani imeshika, halafu ikuangukie miguuni. Ivute kwa nguvu baada ya kuingiza, isitoke. Bonyeza kitufe, idondoke yenyewe ikiwa imejaa na ikiwa tupu pia. Vuta slaidi na magazini tupu, slaidi ishike nyuma kila mara siyo mara nyingine. Halafu slaidi ikiwa nyuma ingiza kwa nguvu ya kawaida ya haraka uone kama inapitiliza juu kuliko inavyotakiwa, baadhi ya magazini za 1911 zinafanya hivyo mpaka zinagusa ejekta, kile kipande kinachorusha ganda nje. Kama bastola yako kitufe kinahamishika kwenda upande wa pili na wewe umekihamisha, angalia magazini ina tundu la kushikia pande zote mbili, za zamani za Glock zina upande mmoja tu.

Ukimaliza hapo nenda renji. Piga kila magazini ikiwa imejaa kabisa, siyo nusu, mizunguko kadhaa, na risasi zilezile unazokusudia kubeba, maana risasi za mazoezi zenye kichwa cha duara zinapanda karibu kwenye kila kitu, zile zenye kichwa butu chenye tundu ndizo zinazokutoa jasho. Piga kwa mikono miwili, kisha mkono mmoja, kisha mkono wa kushoto, ukishika kilegevu kidogo makusudi. Bastola isiposhikwa imara slaidi inabadilika mwendo na magazini iliyo kwenye ukingo inajitaja hapo. Kila ikikwama usiwe na haraka ya kuvuta slaidi. Kidole toa kwenye traiga, mtutu uelekee shabaha, subiri kidogo, kisha itazame imekwama vipi, na uandike namba ya magazini na ni risasi ya ngapi.

Hiyo "risasi ya ngapi" inaeleza mengi kuliko watu wanavyodhani. Zikigoma mbili za mwanzo ujue mgandamizo uko juu sana, risasi zinasugua slaidi kwa chini mpaka inachoka kabla ya kufunga, hii ni ya kawaida kwa magazini mpya iliyobana na wakati mwingine inaisha baada ya kupigwa kidogo. Zikigoma za mwisho, springi haina nguvu, inakuwa imenyooka karibu yote na haiwahi slaidi. Hii utaikuta sana kwenye magazini zilizofungwa kitako kirefu cha kuongeza risasi bila kubadilisha springi. Risasi ikiwa imeinamisha pua, kichwa kimegota kwenye ukuta wa mbele wa magazini au chini ya mteremko wa kuingilia chemba, itoe uitazame, utaona kovu dogo bapa kwenye ncha yake. Hapo angalia foloa inalalia mbele au springi imepachikwa kinyume. Risasi mbili zikitaka kuingia pamoja, shuku midomo imepanuka, ingawa kuna wakati kosa ni ekstrakta (ndoano inayovuta ganda kutoka chemba) iliyoacha ganda ndani, ndiyo maana namba zile muhimu, tatizo likifuata magazini moja ni magazini, likizunguka kwenye zote ni bastola. Na slaidi isiposhika nyuma kabla hujatupa magazini cheki kidole gumba chako hakijalalia ile leva inayoshikilia slaidi nyuma, watu wengi wanazitukana magazini bure.

Midomo ipime kwa kalipa, kile kipimo cha milimita chenye taya mbili. Chukua orijino mpya ya modeli ileile, pima nafasi kati ya midomo nyuma na mbele, linganisha na hiyo unayoitilia shaka. Usijaribu kuikunja kwa koleo, chuma cha midomo kimekazwa kwa moto, kinavunjika au kinarudi vibaya, na plastiki ndiyo kabisa.

Springi inachoshwa zaidi na kujazwa na kutolewa kuliko kukaa imebanwa, kwa zile ambazo hazikubanwa kupita kiasi. Kwa hiyo magazini za mazoezi zitangulie kubadilishiwa springi, kampuni ya Wolff wanauza za aina nyingi za bastola na ni bei ndogo kuliko magazini mpya. Ukifungua kitako vaa miwani na funika kwa kidole gumba, springi inaruka na jicho halina speya. Piga picha kwanza ilivyokaa ndipo uitoe. Safisha ndani kwa brashi na kitambaa kikavu, mafuta usiweke, yanakusanya vumbi na yakitambaa mpaka kwenye risasi yanaweza kuiharibu.

Kuna na feki zinazovaa pakiti ya kampuni nzuri. Maandishi yamefifia kingo, mshono wa plastiki unaukuna kidole, matundu ya kuhesabia risasi hayako kwenye mstari. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni anayekubali kurudishiwa, basi.

Magazini iliyofeli ukaibadilishia springi ikafeli tena isirudi kwenye begi la mazoezi, maana begi la mazoezi na la kujilindia huwa yanachanganyika tu. Weka alama nyekundu siku hiyohiyo. Ikishafika ya kutupa, ibonde midomo kwa nyundo kwanza, toa springi, ndipo uitupe, asije mtu akaiokota akadhani amepata kitu.