Jinsi ya kuijua sanamu iliyojificha moyoni, na namna ya kuibomoa

Wengi wetu tukisikia neno sanamu tunawaza Baali na Ashera, ile miungu ya kale ya Wakanaani, alafu tunajiona tuko salama kwa sababu nyumbani hakuna kinyago chochote. Lakini wale wazee wa Israeli waliokuja kuketi mbele ya nabii Ezekieli kutafuta neno la Bwana, watu wa ibada kabisa, Mungu alisema wametia vinyago vyao mioyoni mwao (Ezekieli 14:3). Na Paulo nae akawaandikia Wakolosai kwamba kutamani ndio ibada ya sanamu (3:5). Kwaiyo kutafuta kunaanzia ndani.

Na ukianza kutafuta usikimbilie vitu vibaya, anza na vile vizuri ulivyopewa na Mungu mwenyewe. Apa naomba tukae kidogo maana ndipo wengi tunapopigwa chenga. Kwenye Hesabu 21 Mungu mwenyewe ndie alimwambia Musa atengeneze nyoka, Musa akamtengeneza wa shaba, na aliyeumwa na nyoka kule jangwani akimtazama anapona. Kitu halali, tena chenye ushuhuda. Miaka mingi baadae mfalme Hezekia anakuta watu wanamfukizia uvumba nyoka yule yule, akamvunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4). Hebu fikiria, kitu alichokitengeneza Musa! Mimi hapo nadhani ningesema tukiweke tu kabatini kama kumbukumbu. Sasa jiulize, ile kazi uliyoiombea kwa machozi, yule mtoto, ile ndoa, hata huduma yako kanisani au mtumishi unaemheshimu sana, ivi bado ni zawadi au umeshaanza kuvifukizia uvumba?

Utajuaje? Angalia hofu yako inakaa wapi. Mimi kuna kipindi nilikuwa naamka saa tisa usiku, mkono unaenda kwenye simu kabla macho hayajafunguka vizuri, nacheki salio la akiba, nikiona namba iko vilevile ndo narudi kulala kwa amani, na nilikuwa najiita mtu wa maombi. Siku akiba ilipopungua kwa sababu ya ugonjwa nyumbani nikapiga magoti nikakosa hata neno moja la kusema, yani ni kama aliyekuwa ananishika mkono kaondoka. Ndo nikaelewa Yesu alivyosema huwezi kumtumikia Mungu na mali. Angalia pia ni kitu gani uko tayari kusema uongo ili usikipoteze, na ni kitu gani kikiguswa unawaka hasira mpaka watu wa nyumbani wanakuogopa.

Ukishakiona kitaje kwa jina. Usiombe "Bwana nisamehe makosa yangu yote" alafu ukapita, sema nimeitegemea akiba kuliko wewe, nimemtegemea fulani kuliko wewe. Inauma lakini ndo toba yenyewe.

Kama ni hirizi au vitu vya mganga hapo hakuna mjadala, choma. Wale walioamini kule Efeso walichoma vitabu vya uchawi vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha (Matendo 19:19), wangeweza kuviuza ila hawakuviuza.

Kwa vile vizuri mambo ni tofauti, huwezi kumchoma mtoto wala kuacha kazi kesho, hapo unachobomoa ni madhabahu. Gideoni, yule mwamuzi wa Israeli, aliibomoa madhabahu ya Baali ya baba yake usiku kwa kuogopa watu, na Mungu hakumkataa kwa hiyo hofu, kwaiyo usisubiri mpaka uwe jasiri. Ila usiishie kubomoa, maana Gideoni aliambiwa ajenge madhabahu ya Bwana pale pale na ile nguzo ya Ashera aliyoikata iwe kuni za sadaka (Waamuzi 6:25-27).

Kwangu mimi ilikuwa ivi: mshahara ukiingia natoa sadaka kwanza kabla sijaangalia salio, na simu inalala sebuleni. Usiku wa kwanza mkono uliitafuta gizani kama mara nne ivi, na kila ulipoikosa nilisema kwa sauti ya chini "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu" mpaka usingizi ukanipitia.