Kuanza dawa mseto za kifua kikuu: mwongozo kwa mhudumu wa kliniki

Kidonge cha mtu mzima cha awamu ya kwanza hubeba dawa nne: rifampisini miligramu 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275. Sababu ya kuzichanganya ni hesabu tu. Katika vimelea milioni moja hivi, kimoja huwa tayari ni sugu kwa isoniazidi; kwa rifampisini, kimoja katika milioni 100. Tundu moja la pafu huweza kuwa na vimelea milioni 100, hivyo dawa moja pekee huua vilivyo dhaifu na kuviachia sugu uwanja. Kimelea cha kukwepa zote mbili ni kimoja katika trilioni 100.

1. Makohozi kwanza. GeneXpert, mashine inayosoma vinasaba vya vimelea, hutoa jibu ndani ya saa 2 hivi. Ikionyesha usugu wa rifampisini, usianze vidonge hivi.

2. Pima uzito kwa mzani, usikisie kwa macho. Kilo 30–39 vidonge 2. 40–54 vidonge 3. 55–69 vidonge 4. 70 na zaidi vidonge 5. Vyote humezwa kwa mkupuo mmoja kila siku, tumbo likiwa tupu. Rudia mzani kila mwezi: mgonjwa akirudiwa na hamu ya kula huvuka kundi, na dozi ya jana humpungukia.

3. Uliza dawa nyingine anazotumia. Rifampisini hulifanya ini livunje dawa upesi, hivyo vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango havitegemeki. Dozi ya dolutegravir, dawa ya VVU, hupanda hadi miligramu 50 mara mbili kwa siku. Ongeza piridoksini (vitamini B6) miligramu 25 kwa siku kuzuia ganzi ya miguu.

4. Mwambie mapema kuwa mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa. Asiyeambiwa hudhani ni damu, akaacha dawa. Macho yakiwa manjano au akitapika mfululizo, asimamishe zote na arudi siku hiyohiyo. Akianza kuona ukungu, au nyekundu na kijani vikimchanganya, mshuku ethambutoli.

5. Mwisho wa mwezi wa 2, makohozi tena, kwa darubini. GeneXpert husoma hata vimelea vilivyokufa. Yakiwa safi, hamia rifampisini na isoniazidi, idadi ileile ya vidonge, miezi 4.

Makohozi yasiposafika, usimwongezee dawa moja mpya juu ya zile zilizoshindwa. Hiyo moja itapigana peke yake, nayo itashindwa. Tuma sampuli ikapimwe usugu.