Ukienda kusafisha makaburi ya wamisionari Bagamoyo

Kila inapokaribia tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, vijana wa jumuiya yetu huniuliza wabebe nini. Mimi huanza na vya kuacha nyumbani: brashi ya waya, jiki na saruji. Jiwe kuukuu ukilisugua kwa waya, kuvu hutoka, na herufi hutoka nayo. Jina likishafutika hapo, nani atalirudisha?

Kutoka Dar, panda gari la Bagamoyo pale stendi ya Makumbusho, kisha bodaboda hadi misheni. Piga hodi ofisini uombe ruhusa kabla hujagusa chochote.

Mwagia jiwe maji matupu, uliache lilowe. Sugua kwa brashi laini ukianzia chini kwenda juu, ili maji machafu yasiache michirizi sehemu kavu. Uchafu uliojaa ndani ya herufi uchokonoe polepole kwa kijiti cha mwanzi kilicholowa. Maandishi yakififia, yasome asubuhi jua likiwa bado liko chini, au yamulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Kivuli kitaingia kwenye mikato na jina litajitokeza.

Usipite hivi hivi. Toa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kufa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hii mwaka 1868 wakiongozwa na Padre Antoine Horner; haukupita muda kipindupindu kikaingia, na mwaka 1872 kimbunga kikabomoa majengo. Malaria haikuwapa nafasi kabisa. Wengi walikufa vijana, na hapo ndipo wenzangu hunyamaza, maana wanakuta umri wao wenyewe. Herufi C.S.Sp. baada ya jina ni alama ya shirika lao.

Halafu nenda kwenye pango la Bikira Maria. Lilijengwa mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani. Kwangu mimi hao nao ni waanzilishi wa imani huku kwetu, sawa na mapadre, ingawa wengi wao hatuyajui hata majina. Sala ya marehemu tunaisali mara mbili: makaburini, kisha pangoni kwa ajili yao.

Mishumaa ichomeke mchangani, si juu ya jiwe, kwa sababu nta ikishazama haitoki. Vipande vyake na chupa za maji rudi navyo.