Kipande kimoja, korosho nane

Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu la wosia wa mama mgonjwa kwa binti yake, uliotungwa mwaka 1858, siuanzii ubaoni. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hapa Mikindani hukaa wawili wawili, kila jozi na korosho ghafi nane. Nasoma kipande cha kwanza polepole: "Negema wangu binti." Kila silabi, korosho moja inasogezwa.

Mara ya kwanza karibu wote hubakiwa na korosho moja. Usiwaambie kosa liko wapi! Waache wabishane, warudie, mpaka mmoja agundue kwamba "n" ya binti ina mizani yake, yaani huhesabiwa kama silabi: bi-n-ti. Nane zimetimia. Makofi yanalipuka, nami moyo hunijaa.

Maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, yafuate baadaye. "Negema" igizeni: mmoja anaita, mwenzake anasogea karibu kwa adabu, kama binti aliyeitwa na mama yake mgonjwa. "Upulike" ni sikiliza, basi.

Kazi ya nyumbani: kila mtoto aombe wosia mmoja kwa bibi yake, autunge ubeti wa vipande vinne, mizani nane nane, vitatu vya mwanzo vikiwa na kina kimoja, yaani silabi ileile ya mwisho. Kesho yake ausome amesimama, wenzake wakihesabu kwa korosho.