Protini inayoendeshwa kwa mwanga: ijaribu kwenye jicho lako

Nafundisha baiolojia Ujiji. Somo la molekuli zinazobadili umbo la protini kwa mwanga nimeacha kulichora ubaoni, maana kila mwanafunzi anakuja na kifaa chake usoni.

Tafuta kitambaa cheusi kizito, taa kali, saa na chumba cha giza. Chagua usiku usio na mwezi, ila ziba dirisha kwa blanketi. Mimi mara ya kwanza nilisahau kwamba usiku kama huo ndio wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani. Taa zao zikaniharibia kazi yote.

1. Funga jicho la kushoto kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Kaa nusu saa chini ya taa, la kulia likiwa wazi. Soma, sahihisha madaftari, chambua mchele. Usiikodolee taa yenyewe.

2. Zima taa. Fungua mlango kidogo, uingie mwanga wa nyota tu. Ondoa kitambaa, utazame kwa jicho mojamoja huku jingine umeliziba kwa kiganja. La kushoto litaona ndoo, mtungi, hata kanga kwenye kamba. La kulia, giza totoro.

Hapo mjanja mmoja atasema mboni imetanuka. Mwambie mboni mbili hutenda pamoja: ukimulika jicho moja, za pande zote husinyaa, taa ikizimwa, zote hutanuka. Tofauti imetoka ndani zaidi, kwenye rodopsini, protini ya seli za jicho zinazopokea mwanga. Protini hii imeshika molekuli ndogo iliyopinda, retinali. Mwanga ukiigonga, retinali inanyooka na kuisukuma protini ibadili umbo. Ndipo seli inapotoa taarifa kwa ubongo. Baadaye retinali hutoka, ikapindwe upya, na kazi hiyo ni ya polepole. Jicho la kulia limetumia akiba yake. (Retinali hutokana na vitamini A, wekundu wa mawese yetu ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo.)

3. Andika dakika ambazo la kulia linachukua kulifikia la kushoto. Jipe nusu saa au zaidi, na simu ziwe mbali.

4. Usiku mwingine rudia kwa taa nyekundu hafifu. Tofauti itapungua sana, kwa sababu rodopsini hunasa zaidi mwanga wa bluu-kijani, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 500, nyekundu haiishughulishi.

Wanakemia wameiga ujanja huu kwa azobenzini, molekuli ya maabara ambayo nayo hupindwa na kunyooshwa kwa mwanga. Mwaka 2015 watafiti, wengi wao wa Munich, Ujerumani, walitangaza dawa za majaribio zenye azobenzini: mwanga wa urujuani unaipinda, inashika tubulini, protini inayojenga nyuzi zinazogawanya seli, na nyuzi hizo hazijengeki; mwanga wa kijani unainyoosha, inaachia. Nyekundu haiigusi, kwa hiyo seli zenye dawa hiyo zinaweza kuandaliwa chini ya taa nyekundu, kama yako ya hatua ya nne.