Jinsi ya kuomba kibali cha maadili kwa utafiti wa saikolojia mjini Bukavu

Anayetaka kuwahoji watu kuhusu hofu, huzuni au kumbukumbu za vita anapaswa kupata kibali cha komite ya maadili, yaani kamati inayopima kama utafiti unawaheshimu na kuwalinda washiriki, kabla ya kuuliza swali la kwanza, kwa kuwa mahojiano yaliyokwisha kufanyika hayaombewi ruhusa.

Anza na msimamizi wako. Aisome protokole yote, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, na kuitia sahihi, kisha uulize kitivoni ni komite ipi inayopokea maombi ya aina yako. Protokole huandikwa kwa Kifaransa, ikieleza lengo, jinsi washiriki watakavyopatikana, maswali yenyewe, na madhara yanayoweza kutokea.

Kazi kubwa zaidi ni fomu ya ridhaa. Fomu ya Kifaransa iliyotiwa sahihi na mama wa Kadutu, komini ya Bukavu, anayezungumza Kiswahili na Mashi si ridhaa, hata kama sahihi ni yake. Iandike kwa Kiswahili cha hapa, kisha umpe mtu asiye wa chuo akueleze kwa maneno yake alichoelewa. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe, ndipo aweke alama ya kidole. Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi aruhusu na mtoto naye aulizwe. Mtoto akikataa, mwache.

Fomu hiyo iseme wazi kwamba hakuna msaada utakaogawiwa. Katika mji huu, ambako waliokimbia vita wameandikishwa mara nyingi na mashirika, mwenye daftari na kalamu hudhaniwa kuwa anaandika majina ya watakaopewa unga, na mama anayejibu kwa tumaini hilo hajaridhia utafiti, bali anawatafutia wanawe chakula. Nauli mrudishie, lakini isiwe kiasi cha kumfanya ashindwe kukataa.

Ukilazimika kumficha mshiriki jambo, toa sababu na ueleze utakavyomfunulia ukweli mara baada ya zoezi. Majaribio ya mwanasaikolojia Stanley Milgram, yaliyoanza 1961 katika Chuo Kikuu cha Yale, yaliwaacha wengi wakitetemeka na kutokwa jasho, wakiamini kwamba wanamtesa mwenzao kwa umeme unaofika volti 450, kumbe umeme huo ulikuwa wa kuigiza.

Kuhusu ukatili wa kingono, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2007 unataka huduma kwa walionusurika ziwepo mahali hapo kabla ya kazi kuanza. Kwa hiyo ambatisha makubaliano ya maandishi na mwanasaikolojia atakayempokea mshiriki siku hiyohiyo. Namba ya simu peke yake haitoshi. Orodha ya majina ihifadhiwe mbali na majibu.

Komite ikikurudishia maoni, jibu kila hoja kwa maandishi, ukitaja ukurasa uliorekebishwa. Ukishapata kibali, peleka nakala kwa viongozi wa komini na mtaa, lakini usiwaombe wakuchagulie washiriki, maana ni vigumu mtu kukataa anapoitwa na kiongozi wake. Ukitaka kuongeza swali baadaye, hata moja, rudi kwanza kwa komite.